Skrini unayoivaa ijue kwanza nini kinatikisika

Chukua simu hiyohiyo unayosomea hapa, ishike imetulia mbele ya uso, halafu tikisa kichwa kushoto kulia kama mtu anayekataa, sio kinyonge, tikisa kweli. Bado unasoma eti? Sasa geuza, kichwa kitulie na mkono ndo utikise simu kwa spidi ileile. Herufi zote zimeyeyuka. Mwendo ni uleule, macho ni yaleyale, ila mara ya kwanza umesoma na mara ya pili umeshindwa. Hili zoezi nimewafanyisha watu wengi sana, kazini, kijiweni, hata kwenye mkesha wa msiba usiku wa manane watu wamekaa mkekani, na kila mtu analirudia mara mbili tatu kwa sababu haamini. Na mimi nikisoma habari za hizi saa janja na miwani janja (ile inayoonyesha maandishi mbele ya jicho) zinazotoka sasa hivi moja baada ya nyingine, swali langu la kwanza ni kama waliozitengeneza wamelifikiria hilo jambo au wamepiga tu picha nzuri za mtu amesimama.

Kinachotokea ni hivi. Kule ndani kabisa nyuma ya ngoma ya sikio, kila upande kuna mifereji mitatu midogo imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka mifereji inaenda nacho ila maji yanachelewa kidogo kufuata, kule kuchelewa kunapinda vinyweleo vidogo, na ishara inakimbia kwenda kwenye misuli ya macho kupitia neva tatu tu zilizopangana, haipiti kwanza kwenye sehemu ya kufikiri. Ndani ya milisekunde kama 10 hivi (sekunde moja ni milisekunde 1,000) macho yameshageuka upande wa pili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo picha kwenye retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho, inabaki palepale. Ila kitu kikitembea chenyewe huku kichwa kimetulia masikio hayana la kusema, kazi yote inabaki kwa macho kukifuata, na huo mfumo wa kufuata ni mzito, unahitaji karibu milisekunde 100 kuanza, na kitu kikienda na kurudi zaidi ya mara moja kwa sekunde unaanza kuachwa. Kuku macho yake hayazunguki sana kwa hiyo anatumia shingo: mshike mwili umsogeze huku na kule, kichwa kinabaki kinaelea palepale, watoto wa uswahilini wote wanaujua huo mchezo.

Sasa ukiambiwa uweke skrini mwilini utaiweka wapi? Watu wengi wanajibu haraka, weka kichwani, maana mkononi inatikisika. Ni kinyume kabisa. Mtu anayetembea kawaida anapiga hatua kama mbili kwa sekunde, kila hatua kichwa kinapanda, kinashuka, kinainama kidogo, masikio yanasikia na macho yanafidia. Simu ikiwa mkononi, bega na kiwiko na kiganja vinakula sehemu ya mtikisiko, na ule mtikisiko wa kichwa macho yanaumaliza yenyewe. Lakini maandishi ya kwenye miwani yamefungwa kichwani, kichwa kikishuka na yenyewe yameshuka, hayahitaji kufidiwa chochote, ila masikio hayajui kwamba umevaa skrini, yanaendelea kugeuza macho vilevile yalivyozoea tangu uko mtoto. Kwa hiyo maandishi yametulia na macho ndo yanacheza. Ubongo una uwezo wa kuizuia hiyo fidia, ukigeuza kichwa taratibu unaizuia bila hata kujua, ila kwa hatua mbili kwa sekunde inakuwa kazi ngumu, na ukikimbia hatua zinakaribia tatu kwa sekunde, hapo ndo kabisa.

Kuna jamaa alirudi na miwani ya aina hiyo kutoka nje nikaiazima, nikatembea nayo pembeni ya barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, kutokea Mwenge. Nikisimama kituoni kila kitu kiko wazi kama kimechapwa. Nikianza kutembea namba kubwa zinabaki, zile herufi ndogo za ujumbe zinakuwa na ukungu, nikisimama tu zinarudi. Nilifurahi sana kuliona kwa macho yangu kwa sababu nilikuwa nimelisoma muda mrefu kwenye habari za marubani.

Maana marubani ndo waliopigana na hili mapema kuliko sisi. Ivan Sutherland mwaka 1968 alionyesha skrini ya kwanza ya kuvaa kichwani ambayo picha yake ilibadilika kufuata kichwa, na kujua kichwa kimegeukia wapi ilibidi mvaaji aunganishwe na mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini. Ukitembea umefungwa darini, hapo mwendo wenyewe ni wa hatua chache tu. Ruka mpaka ndege ya kivita F-35, wao waliondoa kabisa kile kioo cha mbele cha taarifa na kumwekea rubani kila kitu kwenye helmeti, kofia moja inatajwa kufikia dola laki 4, na kwenye majaribio ikaonekana ndege ikitetemeka ile picha ndani ya helmeti inacheza kiasi cha kusumbua usomaji. Dawa waliyoiweka ni sensa ndogo za mwendo zinazopima mtetemo, ili kompyuta isogeze picha upande wa pili na mtetemo ufutike. Yaani kile ambacho sikio linafanya kwa jicho, sensa ikafanye kwa picha.

Kwa maneno ni rahisi, shida iko kwenye muda. Piga hesabu, kichwa kikigeuka kwa spidi ya digrii 100 kwa sekunde, ambayo ni kugeuka kwa kawaida tu mtu akiitwa jina lake barabarani, na mfumo ukachelewa milisekunde 20 kati ya sensa kusikia na mwanga kutoka, picha imekosea kwa digrii 2. Nyoosha mkono uangalie upana wa dole gumba lako, hiyo ndo digrii 2. Milisekunde 20 ndo kiwango ambacho watu wa hizi helmeti za michezo ya kompyuta wanakitaja kama mpaka wa juu, na hapo bado sikio lako liko mbele yao kwa nusu. Kwa hiyo wakatafuta ujanja, kompyuta inachora picha kwa kubashiri kichwa kitakuwa wapi, halafu mwishoni kabisa kabla mwanga haujatoka inasoma sensa tena na kuisukuma picha nzima kidogo ikae mahali pake. Huo ujanja mimi naupenda sana, naona ni moja ya mawazo safi kabisa kwenye kazi nzima hii.

Na kuna tatizo la pili ambalo helmeti kubwa hazina ila miwani midogo inalo: nafasi. Ile Google Glass iliyouzwa dola 1,500 mwaka 2013 ilikuwa na kidirisha kidogo sana juu ya jicho la kulia, na hata Meta Ray-Ban Display iliyotoka Septemba 2025 kwa dola 799, dirisha lake ni kama digrii 20 tu. Ukisema maandishi yabaki palepale kwenye dunia wakati kichwa kinageuka, mtu akigeuka kuangalia gari maandishi yametoka nje ya dirisha, yamepotea. Hapa jibu zuri nimelikuta kwenye kazi ya zamani kidogo ya watu wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, Ahmad Rahmati na wenzake, 2009, waliiita NoShake, na ilikuwa ya simu sio ya miwani. Walichofanya, maandishi kwenye skrini yanachukuliwa kana kwamba yameshikwa na springi za kufikirika. Skrini ikitikisika ghafla maandishi yanabaki nyuma, yaani yanatulia kwenye dunia, ila springi zinayavuta taratibu kurudi katikati. Mtikisiko wa haraka unafutwa, mwendo wa taratibu unafuatwa. Sasa hebu angalia jinsi hiyo inavyokaa vizuri na mwili wa binadamu: mwendo wa taratibu ndo ule ambao ubongo unaweza kuzuia fidia ya macho wenyewe, na mwendo wa haraka ndo ule ambao hauwezi. Springi inafanya kazi pale tu ubongo unaposhindwa. Na mtikisiko wa kutembea ni wa digrii chache tu, unaenea hata kwenye kidirisha kidogo. Kama ningekuwa na kiwanda cha miwani hilo ndo jambo la kwanza ningeweka.

Kwenye saa ya mkononi mambo ni mengine. Hakuna mtu anasoma aya kwenye saa huku anakimbia, unainua mkono, unatupia jicho chini ya sekunde moja, mkono umesharudi. Hapo kutuliza picha hakuna maana, kinachosaidia ni namba kubwa na chache, na skrini kuwaka kwa wakati. Apple Watch za mwanzo 2015 zilikuwa zinasubiri uinue mkono ndo ziwake, na ile sehemu ya sekunde ya kusubiri ukiwa unakimbia unaiona ndefu, mpaka 2019 walipotoa ile isiyozima kabisa, inashuka kutoka kuchora picha mara 60 kwa sekunde mpaka mara 1 ili betri isiishe. Garmin wao kwa saa nyingi za wakimbiaji walikuwa na skrini ya aina nyingine inayotumia mwanga wa jua wenyewe, jua likiwa kali ndo inasomeka zaidi, na vitufe vya kubonyeza kwa sababu kidole chenye jasho kwenye tachi ni balaa. Mimi nikikimbia naweka namba mbili tu, pesi (dakika ninazotumia kwa kilomita) na umbali, mapigo ya moyo yananiletea vaibresheni yakipita kiwango. Ngozi haihitaji kutulia ili isome, hilo watu wanalisahau.

Na wakimbiaji wetu wa huku wameonyesha njia nyingine kabisa, kuitoa skrini mwilini. Joshua Cheptegei wa Uganda alipovunja rekodi ya mita 5,000 Monaco Agosti 2020 kwa 12:35.36, na ya mita 10,000 Valencia Oktoba hiyohiyo ya 2020 kwa 26:11.00, pembeni ya uwanja kwenye ukingo wa ndani kulikuwa na taa zinazowaka kwa kufuatana kwa spidi ya rekodi. Eliud Kipchoge Vienna Oktoba 2019 alipokimbia 1:59:40, gari la mbele lilikuwa linapiga mistari ya leza ya kijani barabarani kuonyesha wapi wawe. Fikiria kwa ile akili ya sikio na jicho: taa inakwenda sambamba na mkimbiaji, kwa hiyo kwake yeye haiondoki mahali, iko chini mbele pale macho yanapoangalia hata hivyo, hainui mkono, hainamishi shingo, na ujumbe ni mmoja tu, uko mbele au uko nyuma. Hakuna namba hata moja ya kusoma. Kwangu mimi hiyo ndo skrini bora ya mkimbiaji iliyowahi kutengenezwa, na wala haivaliwi.

Ila yote haya yanachukulia kwamba anayetikisika ni wewe. Njoo kwenye daladala. Sensa ya mwendo iliyoko kwenye saa au miwani inapima msukumo, haiwezi kwa yenyewe kujua kama msukumo umetoka kwenye mguu wako au kwenye springi za Coaster iliyoingia shimoni, na wala haitofautishi mvutano wa dunia na gari kuongeza mwendo, kwake vyote ni msukumo. Helmeti na miwani mikubwa inategemea vitu viwili, sensa na kamera, na ndani ya gari hivyo viwili vinagombana: sensa inasema tunakwenda na tunakata kona, kamera inaangalia viti na madirisha inasema tumetulia. Ndo maana helmeti ya Apple Vision Pro ilipotoka Februari 2024 ilikuja na hali maalum ya kusafiria kwenye ndege, na Meta nao mwaka huohuo wakaleta ya kwao. Na mwili wako una ugomvi huohuo, masikio yanasema tunakwenda, macho yaliyoko kwenye simu yanasema tumetulia, baada ya muda kichefuchefu. Mwaka huohuo wa 2024 Apple waliweka kwenye iPhone vidoti pembeni ya skrini vinavyoteleza kufuatana na gari linavyokata kona na kufunga breki, ili macho yapate habari ileile ambayo masikio wameshaipata. Hilo nalo ni kufuatisha skrini na mwendo, ila kwa kuongeza mwendo badala ya kuupunguza.

Barabara ya vumbi na bodaboda ni mtihani mkubwa zaidi. Watu wa bodaboda wenye saa janja waulize, siku nzima mkono uko kwenye usukani, saa inahesabu hatua ambazo hakuna mtu amezipiga, skrini inawaka yenyewe kila tuta kwa sababu imedhani umeinua mkono, jioni betri imekwisha. Na sio saa tu, Apple wenyewe Septemba 2021 walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera ya simu iliyofungwa kwenye usukani, kwa sababu ile lenzi inayosogea kufidia mtikisiko wa mkono haikuumbwa kwa kazi hiyo. Hizi sensa ni kama zimefundishwa kwa watu wanaotembea kwenye njia za waenda kwa miguu zilizonyooka. Natamani sana kijana wa CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, au wa chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, Kenya, akae na data ya mikono ya madereva wa boda, mtetemo wa injini una mapigo yake ya haraka na ya kulingana, hatua ya mtu ina mapigo yake ya taratibu, kuvitenganisha inawezekana kabisa, na ni utafiti ambao sisi tuna maabara yake bure kila asubuhi.

Kwa upande wa kutembea watafiti wamejaribu mengi. Shaun Kane, Jacob Wobbrock na Ian Smith mwaka 2008 walijaribu programu ya kifaa cha mkononi ambayo ukianza kutembea vitufe vinakua, ukisimama vinarudi vidogo. Wazo zuri, na lina gharama pia kwa sababu vitufe vikikua vitu vinahama, na mtu anayetembea hataki kutafuta kitu kilichohama. Mwaka 2012 Wobbrock huyohuyo na Mayank Goel na Leah Findlater wakaja na WalkType, hapa kioo hakibadiliki kwa macho hata kidogo, ila kibodi inasikiliza sensa ya mwendo na kujua kwamba mguu ukitua kidole kinateleza upande fulani, inarekebisha herufi kimyakimya, na makosa yaliyobaki yakapungua karibu nusu. Mimi niko upande wa WalkType kabisa, skrini ifanye kazi yake chinichini bila kunihamishia fenicha. Na kama haiwezi, basi inyamaze. Mtu anavuka barabara Kariakoo pale Msimbazi, kichwa kinageuka kulia kushoto haraka haraka, sensa inaliona hilo waziwazi, hapo hakuna ujumbe wa WhatsApp wenye haki ya kutokea mbele ya jicho lake.

Nimeacha mwisho jambo ambalo linanigusa zaidi. Mwaka 1952 daktari mmoja alichapisha kwenye jarida la madaktari la New England, kwa herufi mbili tu, J.C., habari za mwili wake mwenyewe. Alitibiwa kwa streptomaisini, ile dawa ya sindano, na dawa ikaua ile mifereji ya masikio. Akawa akitembea dunia nzima inaruka, nyuso za watu hazitambui mpaka asimame, na hata kitandani akisoma ilibidi akandamize kichwa kwenye chuma za kitanda kwa sababu mapigo ya moyo tu yalitosha kufanya herufi zicheze. Streptomaisini imetumika miaka mingi kutibu TB huku kwetu pia, na kanamaisini iliyoko ukoo mmoja nayo ilitumika kwa TB sugu, kwa hiyo watu wenye hayo masikio wapo, tunaishi nao.

Sasa rudia ile hesabu ya miwani kwa mtu kama huyo. Mimi na wewe maandishi ya kwenye miwani yanatusumbua tukitembea kwa sababu masikio yanageuza macho bure. Yeye masikio yake hayageuzi kitu. Kwake ukurasa wa kitabu unaruka, bango linaruka, simu inaruka, lakini maandishi yaliyofungwa kichwani yanakwenda na kichwa na macho yake yanakwenda na kichwa, vyote pamoja, kwa hiyo kwake ndo yanayotulia. Ile springi ninayoililia mimi kwake ingekuwa mateso, ingeyarusha maandishi yaliyokuwa yametulia. Inatakiwa iwepo setingi ya kuizima, na wala sio lazima mtu ajue aizime: madaktari wana kipimo cha kumsomesha mtu herufi za ukutani huku kichwa kinatikiswa, wanahesabu amepoteza mistari mingapi, na miwani yenye sensa ya mwendo na herufi ndani yake inaweza kufanya kitu cha namna hiyo siku ya kwanza mtu anapoivaa, ijue inaongea na masikio ya aina gani.

Na kama kuna mzee kwenu aliwahi kuchomwa hizo sindano kwa muda mrefu, na sasa analalamika kwamba akitembea mabango ya dukani yanaruka ila akisimama anaona vizuri, msimpeleke kupimwa macho tu akapewa miwani ya kusomea. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, na aseme hivyohivyo kwa maneno yake, nikitembea vitu vinaruka, nikisimama vinatulia, na ataje na ile sindano.